Siku Niliyomnyakua Mama

Nilimnyakua mama yangu Jumamosi mchana, mwenyewe akiwa hayupo nyumbani, kwa kutumia gauni lake, kitambaa chake cha kichwa na kandambili. Ndiyo, ni mimi! Mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa kiongozi wa maombi, niliyebatizwa mara mbili kwa sababu ubatizo wa kwanza haukunishika vizuri. Nilimtafuta hata shetani tugawane kosa. Siku hiyo hakuwepo.

Ngoja nieleze polepole, maana hata kuandika naona aibu.

Kwetu mtaa wa Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, tunaomba kama wengine wanavyopumua. Tunaombea ugali, tunaombea maji yakiletwa, tunaomba kabla ya kuomba. Baba ni dereva wa lori njia ya Nimule, kule mpakani, haonekani mara nyingi, kwa hiyo mchungaji wa nyumba ni mama. Na mama ana somo analolipenda kuliko yote: unyakuo. Yesu atatokea ghafla, atawachukua walio wake juu mbinguni, wengine tubaki tukitazamana.

Dada yangu Poni, wa miaka sita, ndiye mwenye maswali.

"Mama, tutaenda na viatu?"

"Hapana mwanangu. Tutavikwa vipya. Hivi vyetu vitabaki chini."

Mdogo wetu Wani, wa miaka minne, yeye huuliza tu kama mbinguni kuna maandazi.

Sasa Jumamosi hiyo mama alienda kanisani akaniachia hao wawili. "Waogeshe, wape maharagwe, wasitoke nje ya geti." Maagizo matatu! Nabii Yona alipewa moja tu likamshinda.

Mimi nikaona heri nichekeshe watu kwenye simu. Watoto wakiwa nyuma ya nyumba wanachezea udongo, nikalitandaza gauni la mama juu ya mkeka, mikono imenyooka, kitambaa pale kichwa kingekuwa, kandambili chini, Biblia wazi pembeni. Kazi safi kabisa! Nikajificha nyuma ya pazia, simu inarekodi, nikaita kwa sauti nyembamba ya mama: "Poni! Wani!" Kisha kimya.

Wani aliingia kwanza. Akatazama. "Mama ameenda," akasema, kama mtu anayesema mvua imeacha. Akachukua kitambaa, akajifunga kichwani, akaanza kukata kiuno. Jamani! Niliuma pazia kwa kicheko.

Poni, aliyeingia nyuma yake, hakulia. Hilo lingepaswa kunishtua, lakini mimi nilikuwa na shughuli ya kucheka. Nilipofuta machozi nikachomoka kupiga kelele "Nimewapata!", alikuwepo Wani peke yake. Gauni halipo. Kandambili hazipo. Poni hayupo.

Nikatafuta chooni. Chini ya vitanda. Nyuma ya tangi la maji. Hola! Nikampandisha Wani mgongoni, na kitambaa chake kichwani, tukatoka mbio. Nje ya geti hukaa Mama Brenda, Mganda anayekaanga chapati.

"Banange! Poni napita hapa sasa hivi na bag ya shule. Mimi nauliza, naenda wapi? Yeye nasema naenda kwa mama. Mimi nasema sawa, si mama iko kanisa?"

Wakati huohuo ndege ikapita juu ya mabati, chini sana kama kawaida. Wani akainyooshea kidole.

"Poni ameenda kupanda ile."

Nikageuka kuelekea uwanja wa ndege. Maana mwalimu wa somo hilo alikuwa nani? Mimi! Siku moja Poni aliniuliza watu wa kwenye ndege huenda wapi, nami bila kuinua macho kutoka kwenye simu nikamjibu: mbinguni, hizo nyeupe ni za waliookoka.

Kati ya kwetu na uwanja wa ndege kuna barabara ya lami ambayo magari yake hayajawahi kusikia habari za breki. Na kule getini kuna askari wenye bunduki ambao hata mimi, na ndevu zangu tatu, huwapita nikitazama ardhi. Nilikimbia nikimwahidi Mungu kila kitu. Nilimwahidi hata kuimba kwaya!

Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki cha askari, miguu haifiki chini, begi mapajani. Askari mmoja mrefu alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamshikia chupa ya maji anywe.

"Ya weled!" akaniita. "Wewe kijana! Huyu ni wako?"

"Ni dada yangu, afande."

"Anataka nimfungulie geti. Anasema mama yake amesahau viatu, anampelekea. Anasema yeye ameachwa kwa sababu alilamba sukari. Nani amemwambia mtoto maneno haya?"

Jaribu wewe kumweleza unyakuo mtu mwenye bunduki! Nilieleza. Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Yeye hakucheka. Akaniambia nipige magoti, mikono juu. Nikapiga, Wani bado yuko mgongoni anashangilia, amedhani mimi ni punda. Hakukosea.

Ndivyo mama alivyonikuta. Mama Brenda alikuwa amempigia simu, naye akaja na akina mama wa maombi wote, sare nyeupe, vumbi nyuma yao. Nikajua Poni atamrukia. Hakumrukia. Alimtazama mama, akawatazama wale wengine mmoja mmoja.

"Mama, hata wewe umeachwa?"

Hapo ndipo alipolia. Na hakuna mama wa maombi hata mmoja aliyejua aangalie wapi.

Tangu siku hiyo mama akioga lazima aimbe mpaka amalize, maana akinyamaza tu Poni anagonga mlango akipiga mayowe. Nguo ikianguka sakafuni, anaikimbilia kuona ni ya nani.

Ile video niliitazama mara moja. Mbele Wani anakata kiuno. Nyuma yake, pembeni kabisa, Poni anakunja gauni la mama polepole, upande kwa upande, analitia begini. Na juu ya hayo yote kuna mtu anacheka kama fisi. Nikaifuta.

Wenzangu mnaoachiwa wadogo, nawaonya! Mtanieni mwalimu, mtanieni mchungaji kama mna ubavu. Mtoto mdogo msimtanie kwa kitu anachokiamini. Wewe unajua kuna pazia. Yeye hajui.

Kiboko sikupigwa, ingawa nilikuwa nimevaa suruali mbili kwa maandalizi. Jioni, Poni alipokwisha kulala, mama alikuja akaketi karibu nami. Akasema hivi, neno kwa neno:

"Miaka yote namwomba Bwana Yesu aje upesi. Leo, kwa ajili yako, nimepiga magoti nikamwomba angoje kidogo, Poni akue. Na wewe pia ukue, kama hilo linawezekana."