Ndoo Mbili za Delphine

Delphine alifika hapa Kilwa, kisiwa cha ziwani, si ile ya bahari, mwaka wa tisini na tisa, na watoto wawili, mufuko wa maziwa ya unga, na ndoo mbili, moja ndani ya ingine. Vita vilikuwa vimefika kwao ng'ambo ya ziwa. Bwana yake alisema atafuata kesho yake, na tangu siku ile hakuna mutu aliyemuona. Delphine hakulia mbele yetu. Alipewa nyumba ya matete kando ya maji, akaifagia, na juma la pili akaandika kwa makaa juu ya ubao: JICHOTEE MWENYEWE.

Mimi nilizaliwa kulekule kwao, Pweto, nikaolewa hapa nikiwa musichana, kwa hiyo alinizoea upesi. Aliniita yaya, kama dada yake mukubwa. Maisha yake alinipa kidogo kidogo, tukipasua samaki pamoja. Zamani alifanya kazi Lubumbashi kwa Mugiriki mumoja aliyeuza maziwa ya kuganda, baridi kama mvua ya mawe. Wao wanaita yaourt. Huko watu walijichotea wenyewe, wakaongeza asali ao karanga kama roho zao zilivyotaka, kisha kikombe kikapimwa. Hapa Delphine alipima kwa mizani ya samaki.

Barafu ilitoka Kashikishi barani kwa boti ya wauza samaki, imefunikwa na magunia na unga wa mbao. Aliiponda, akaitia katika ndoo kubwa pamoja na ile chumvi ya mawe tunayotia samaki, halafu akazamisha ndoo ndogo ya maziwa katikati. Chumvi njo inafanya baridi iume mpaka maziwa yanashikana. Lakini ukifungua mufuniko, unaona weupe katikati na weupe pembeni. Yeye mwenyewe aliona ndoo mbili. Mutu mugeni aliona moja.

Wateja hawakuwa wengi. Kwetu mugeni hatii mukono katika chungu cha mwenye nyumba, na watu walipita wakisoma ule ubao kama wanasoma matusi.

Jumamosi moja nilienda mimi, maana nilimuahidi. Nilikuwa sijakaa hata, akaona boti.

"Yaya, barafu imefika! Minakimbia. Weye ujichotee, ya leo ni zawadi."

Akatoka. Nikasikia sauti nje, nikaijua.

"Muniangalie! Mi nilikula hii Kitwe mujini mara mingi. Ninyi watu wa shamba munaogopa baridi!"

"Ackson, Kitwe ulilala siku mbili tu, juu ya mizigo ya samaki!"

Huyo mwenye kujisifu, Ackson, ni mukwe wangu. Alikuwa amemuoa binti yangu Chanda miaka miwili, lakini alikuwa hajaleta kuku na vitu vya desturi ili mimi na yeye tuweze kuonana uso kwa uso. Mpaka ifanyike ile, mukwe hasemi na mama mukwe, hali mbele yake, hamuangalii. Tukikutana njiani, mumoja anaingia majanini. Wazee wanasema ukivunja, ubaya unaangukia tumbo la binti. Na Chanda alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilikuwa imetoka.

Mulango ulikuwa mumoja. Nikaingia nyuma ya mukeka uliotundikwa pale Delphine anapolala. Ackson akaingia peke yake, rafiki zake wakabaki nje wakicheka. Akafungua mufuniko, akashika kijiko kikubwa. Ilinipasa kumujulisha kwamba niko. Nikakohoa.

Akatambua palepale. Akanipa mugongo, akavuta kofia juu ya macho, uso kwenye mulango, kama mutoto aliyelelewa vizuri. Na mukono wake ukarudi nyuma, ukachota bila kuangalia.

Mimi niliangalia. Kijiko kiliingia pembeni, ndani ya barafu na chumvi. Akajaza kikombe, akapapasa asali, akamwaga mingi. Nilifungua mudomo. Nikakumbuka tumbo la Chanda, nikaufunga. Akapita mbio.

"Ni tamu?" wakamuuliza nje.

Nikamusikia akimeza.

"Tamu sana."

"Na machozi?"

"Ni baridi. Kila mara inakuwaka vile."

"Maliza basi, mutu wa Kitwe!"

Alimaliza. Walimpigia makofi.

Delphine aliporudi nilimwambia tumbo langu halitaki leo, nikaenda nyumbani. Niliona haya kusema kwamba nilimchungulia mukwe wangu. Nilijiambia ni chumvi tu, itapita.

Kesho yake, siku ya Mungu, tulikuwa katika wimbo wa mwisho, Chanda akaingia kanisani bila kitambaa cha kichwa.

"Mama, Ackson anatapika tangu jana. Banasema ni sumu ya ule mukimbizi."

Wanaume walitoka kwenye viti kabla ya baraka. Nilipofika kwa Delphine, kijiji kizima kilikuwa pale. Mutoto wake mudogo alikuwa amekaa juu ya mufuko wa nguo, tayari umefungwa. Chini kwenye maji, boti ilikuwa inatiwa mafuta.

"Ile boti inaenda ng'ambo saa sita," alisema Sampa, mukubwa wetu wa kijiji. "Atapanda, yeye na batoto bake."

"Tata, ng'ambo kuko basoda na bunduki zabo," Delphine alisema. Hakupandisha sauti. "Banipeleke wapi ingine, kokote. Lakini si kule."

"Jichotee mwenyewe!" mama mumoja alipiga kelele. "Kumbe tulikuwa tunajichotea kifo!"

Ackson alikuwa ameketi juu ya mutumbwi uliopinduliwa, amejifunika kitenge cha Chanda, midomo myeupe. Alikuwa kati yangu na ule mulango. Nikasema moyoni, Bwana, tuma mutu mwingine. Lakini mwingine hakuwako. Ndani ya nyumba ile tulikuwa wawili tu, na mumoja alikuwa amefunika macho kwa kuniheshimu. Niliangalia boti. Niliangalia tumbo la Chanda.

Nikapita mbele yake.

Sampa akanyoosha mukono: "Mama, rudi! Mukwe wako iko hapa!"

"Ninamuona," nikasema. "Delphine, leta ndoo, vile iko."

Akaileta. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni. Nikageuka, nikamuangalia Ackson katika macho, mara ya kwanza tangu amuoe mutoto wangu.

"Ackson, mi njo nilikohoa nyuma ya mukeka. Ukaniheshimu, ukageuka. Mukono wako uliingia hapa, pembeni. Maziwa iko hapa, katikati."

Nikachota ya katikati, nikala mbele yake, mbele ya wote. Chanda alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Nikachota ya pembeni, nikala hiyo nayo, ulimi ukawaka. Nikamupa Sampa kijiko.

"Onja, mukubwa."

Aliangalia watu. Akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema mbali.

"Ni chumvi! Ni chumvi yetu ya samaki!"

"Ackson," rafiki yake alisema, "ulijitia chumvi, ilibaki kukuanika juani!"

Kicheko kilitoka kama maji yaliyozuiwa. Ackson hakucheka. Alifunika kichwa, na chini ya kitenge tukasikia: "Mama, nilisikia chumvi. Nilifikiri njo vile iko."

"Na Kitwe je?" wakauliza. Akavuta kile kitenge zaidi.

Sampa akapangusa midomo. Kisha akamuita mwenye boti: "Enda! Hapa hakuna mutu wa kupanda." Delphine akakaa chini katika muchanga, pale alipokuwa, na siku hiyo alilia.

Lakini mimi na Chanda hatukucheka na wale wengine; tulikuwa tukiwaza lile tumbo. Juma lile Ackson alileta kuku na yote yaliyopasa, wazee wakatuonanisha kwa desturi, kwa kuchelewa. Mimi nikafunga na kuomba. Kila mara Chanda aliposema mugongo unauma, nilirudi magotini. Kulaumu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinichoma zaidi.

Miezi miwili ilipita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa magotini, Ackson akasimama mulangoni kwangu.

"Mama, kuja. Ni musichana."

"Analia?"

"Analia, anatusumbua wote!"

Nilimkuta mutoto mikononi mwa Chanda, amekunja uso, muzima kila mahali. Delphine alikuwa amefika kabla yangu, na kikombe cha maziwa yake. Siku hizi ndoo ndogo ina kitambaa chekundu ukingoni, na yeye mwenyewe anasimama karibu mutu anapochota. Chanda alikula akifumba macho.

"Nawe uonje, baba mutoto," Delphine akasema.

Ackson akaangalia kile kikombe, akakumbuka kwamba ana nyavu za kushona, akatoka.