Siku Mama Aliposema Ana Njaa

Baada ya homa ya matumbo, mama alirudi nyumbani Kilosa akiwa amepona kila kitu isipokuwa hamu ya kula. Nilimpikia uji, mtori, mchuzi wa kuku wa kienyeji. Alionja vijiko viwili, akashukuru, akasukuma bakuli. Daktari alituambia tuwe na subira, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha na kuziona mbavu zake, na subira ilikuwa imeniishia.

Kaka yangu, anayefanya kazi Morogoro, ndiye aliyekuja na wazo. Nje kidogo ya Mikumi kulikuwa na hoteli ya watalii iliyofungua mgahawa wa Kijapani.

"Labda amechoshwa na vyakula vilevile," aliniambia kwenye simu. "Tumpeleke akaone kitu kipya."

Jumamosi akatufuata na gari. Tulifika jua likianza kupungua makali. Mhudumu alimwamkia mama shikamoo, akatuomba tuvue viatu, akatuonyesha meza fupi ya kukalia chini. Magoti ya mama hayakukubali. Akaletewa kiti, akaketi juu yetu kama mwalimu mbele ya darasa. Kisha vikaja vipande vya samaki mbichi vilivyolazwa juu ya vidonge vya wali, kwenye sahani kubwa mno kwa chakula kidogo namna ile. Kaka alitafuna kipande kimoja muda mrefu huku akitazama dirishani. Mimi changu nilikimeza kwa maji.

Mama alimega wali tu. Amelima mpunga Kilangali tangu alipoolewa.

"Huu wali umepoa," akasema.

"Ndivyo unavyoliwa, mama," kaka akajibu.

"Na umetiwa siki."

"Ndiyo, mama."

"Halafu umeshikana kama bokoboko. Aliyeulima akiuona atalia."

Hakugusa tena. Kaka alilipa, na bei haikumuuma kama ilivyomuuma ile sahani ya mama kurudi jikoni vilevile. Tukaingia garini. Mimi nilikuwa nikiwaza kwamba Jumatatu nitamrudisha hospitali, apende asipende.

Tulipoingia Mikumi mjini, mama akasema, "Simamisha gari."

Nilidhani anataka kutapika. Nikamshika bega. "Unajisikiaje, mama?"

"Nina njaa."

Kaka alikanyaga breki ghafla hadi lori la nyuma likatupigia honi. Mama alikwisha kumwona mama lishe kando ya barabara, mvuke ukipanda kwenye masufuria. Akaagiza mwenyewe: ugali wa moto, mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga. Akanawa, akamega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine. Sisi wawili tulijifanya tunakula, lakini tulikuwa tukiuangalia mkono wake.

"Mbona mnanitumbulia macho?" akauliza. "Kuleni, kinapoa."

Kaka akainuka, akasema anakwenda kununua maji, ingawa chupa ilikuwa mezani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mama alikuwa akichokonoa nyama kwenye kichwa cha samaki na kumwambia mama lishe chumvi imezidi kidogo.

Alimaliza ugali wote. Njiani kurudi Kilosa alilala, akikoroma, kichwa kikiwa begani kwangu. Usiku ule nami nililala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu alipougua.