Sharifa na ziwa lisilo na chumvi

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, na tayari jua la Al Wakrah, kusini mwa Doha, limeanza kuuma. Sharifa Mbwana anasukuma kiti cha magurudumu kwenye njia ya ufukweni. Aliyeketi humo ni Bi Nafisa, mama wa Kihindi mwenye miaka 79, amefungwa shali hadi kidevuni.

Wakifika majini, Sharifa anachota maji ya bahari kwa kikombe cha plastiki na kumwosha miguu. Bi Nafisa anachovya kidole, anakilamba, anatabasamu. "Talab," anasema. Kwa Kiurdu cha kwao, hilo ni ziwa.

Lakini hili si ziwa, ni bahari. Na hapo ndipo linapoanzia sononeko la Sharifa, mwanamke wa Tanga mwenye miaka 43, ambaye huu ni mwaka wake wa nne kumtunza bibi huyu.

Bi Nafisa alizaliwa Bhopal, mji wa India wenye ziwa kubwa katikati yake. Alipofiwa na mumewe, mwanawe Farhan, ambaye ni mhandisi, alimleta Qatar. Maradhi ya kusahau yakamwanza. Kila asubuhi akawa analia apelekwe ziwani, akigonga mlango mpaka vidole vinavimba.

"Sisi tunaotunza wazee wa aina hii tunafundishana jambo moja: usimbishie," anasema Sharifa. "Akikuita mama yake, wewe itika tu. Basi aliposema ziwa, nikamleta hapa, nikamwambia ndilo hili. Siku hiyo alikula chakula chote."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Bosi wake, Farhan, alijua wanakwenda kupunga upepo tu. Mshahara wa riali 1,700 ukasomesha watoto wawili kule Tanga, nyumba ikatulia, na kila mtu akashukuru.

Desemba iliyopita Farhan akaamua kumpeleka mama yake Bhopal, alione ziwa lake kabla hajafa. Sharifa akaenda nao. Anakumbuka ukungu, pikipiki kwenye barabara ya kandokando ya maji, na wauza mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, vilevile kama ya kwao Tanga. Bosi alikuwa na furaha kweli kweli. Alimbeba mama yake mwenyewe hadi kwenye ngazi za kushukia majini.

Bi Nafisa akachovya kidole, akakilamba. Akakunja uso.

"Akasema si hapa, maji haya hayana chumvi, nirudisheni ziwani," Sharifa anasimulia, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Bosi akalia palepale mbele za watu. Akadhani ni maradhi. Mimi nikajua ni mimi."

Akarudi Qatar na siri yake. Angeanzaje, jamani? Sisi waandishi tumezoea kuwasifu watu kama yeye kwa uvumilivu, lakini mwenyewe hataki hata kusikia. Anasema amemwibia mtu kitu cha mwisho alichobaki nacho, na nia yake njema haimpunguzii uchungu.

Tangu warudi, Farhan haongei sana na mama yake. Ameshakata shauri: kama hata ziwa lake halijui, basi hajui kitu, na popote atakapowekwa ni sawa tu. Mwezi ujao atampeleka kwenye nyumba ya wazee hukohuko Bhopal. Sharifa anawaza kile kilio cha mlangoni, na hakuna atakayeelewa bibi analilia nini.

Rafiki yake Khadija, anayefanya kazi za ndani The Pearl, mtaa wa matajiri wa Doha, amemshauri afunge mdomo, aombe barua nzuri ya kumsifu kazi yake na kutafuta nyumba nyingine ya kufanyia kazi. Akisema ukweli, huenda akapandishwa ndege kesho yake.

Sharifa ameshachagua. Ijumaa hii, bosi akirudi kutoka msikitini, atamweleza yote.

"Akinifukuza, anifukuze," anasema. "Lakini asimpeleke kule akidhani mama yake hajui kitu. Anajua. Anajua nilichomfundisha mimi."