Nani Alilisifu Tumbo Langu

Katika skuli yetu ya wasichana, Wawi, mimi ndiye niliyekuwa na diploma, na asiyelijua hilo nilimjulisha mwenyewe. Mtoto wa msuka makuti wa Kisiwa Panza, niliyesoma mpaka ng'ambo bila mjomba wa kunishika mkono, ningenyamaza kwa lipi?

Ndiyo maana mimba yangu ya miezi mitano ilipoharibika, sikuogopa kurudi kazini. Niliogopa chumba cha walimu. Ningelia mle mara moja tu, habari ingefika Makangale, ncha ya pili ya kisiwa, kabla ya adhuhuri kwamba yule mwenye diploma kavunjika. Nikaapa kuwa silii.

Kwetu, ukipatwa na jambo kama lile, watu hutaka kujua limesababishwa na nini. Ulikula nini, ulipita wapi saa za magharibi, nani alikuangalia. Hilo la mwisho ndilo zito, maana anayelisifu tumbo la mwenzake bila kusema mashaallah amelitupia jicho. Mimi sikuliamini. Wenzangu wote waliliamini, na hilo lilinitosha.

Siku niliyorudi, wa kwanza kuuliza alikuwa mwalimu wa hesabu, aliyenijia na kiti chake kabisa.

"Pole, shoga. Ulibeba kitu kizito?"

"Sikubeba."

"Ulipita makaburini?"

"Sikupita."

"Basi n'nini?"

Nikavua miwani, nikaifuta taratibu. "Ndiyo nafikiri. Siku ile uliponambia tumbo limenipendeza, ulisema mashaallah?"

"Nilisema!"

"Mbona sikusikia?"

"Nilisema moyoni!"

"Aa. Moyoni."

Akanyanyua kiti chake akaenda nacho.

Akafuata karani. "Mwalimu, eti ni yale mambo yenu mliosoma ng'ambo, ya kupanda baiskeli?"

"Baiskeli sina. Lakini wewe ndiye uliyesema mwanangu atazaliwa anasoma gazeti. Ulimalizia na neno gani?"

Akakumbuka ana barua za kupiga taipu.

Toka hapo sikuulizwa tena. Nilisikia mashaallah tu, kwa viatu vyangu, kwa mwandiko wangu ubaoni. Nilipokohoa, mmoja akakisemea mashaallah kikohozi. Wakati wa chai benchi zima lilikuwa langu, nikanywa nimenyoosha miguu, nikijipongeza kwa akili niliyopewa.

Mwalimu wa ushoni, mtu mzima wa umri wa mama yangu, hakuwahi kuniuliza kitu. Alhamisi, wasichana walipokwisha toka, aliniita kwenye chumba chake cha cherehani akafunga mlango.

"Mwanangu, ni mimi."

"Wewe umefanya nini, bibi?"

"Ulipita hapo dirishani na gauni lako la maua. Nikasema, tumbo lile, mtoto huyo ana afya. Nikarudi kwenye cherehani yangu. Sikusema mashaallah, si kwa mdomo wala moyoni. Nimesikia unawauliza watu. Toka siku hiyo chakula hakipiti."

Mzaha wangu ulikuwa umemfikia mtu nisiyemkusudia, na huyu sikuweza kumwacha aende nao nyumbani.

"Bibi, si wewe," nikamwambia. "Daktari wa hospitali ya Chake kaniambia mimba nyingine hazikai tu, hakuna mkono wa mtu wala jicho la mtu."

"Unanipoza tu."

Ilibidi nimweleze yote ili aamini. Nikamwambia kuwa maumivu yalianza kabla sijalivaa hata hilo gauni la maua, na nilikuwa nikiyaficha. Nikamweleza beseni, na mashuka, na mume wangu aliyesimama mlangoni hajui mikono yake aiweke wapi. Hapo sauti ikanikatika, na kiapo changu kikaenda nayo. Nililia vizuri sana. Mimi jambo silifanyi nusu nusu.

Aliniacha nilie, yeye akinipangusa kwa kipande cha kitambaa cha marekani kilichobaki mezani. Nilipotulia akauliza lile ambalo hakuna mwengine aliyeuliza.

"Alikuwa mwanamme au mwanamke?"

"Mwanamke."

Akafikiri kidogo. "Huyo angekushinda maneno."

"Kunishinda mimi?" nikasema, na pua bado imeziba. "Labda angenikaribia."

Tukacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini. Hatukumfungulia.