Nesi wa Ng'ambo ya Daraja

Oleta Skaggs alikuwa nesi kamili kila asubuhi akishavuka Mto Ohio. Jioni akirudi upande wetu alikuwa si kitu. Mikono ni ile ile, akili ni ile ile, lakini jimbo letu lilisema huyu hatumtambui, na jimbo la ng'ambo likasema huyu ni wetu, tena mleteeni mgonjwa mwingine. Nimeishi hapa Sardis maisha yangu yote na bado sijapata mtu wa kunieleza jambo hilo nikamwelewa.

Nilimfahamu kazini. Mimi nilikuwa dereva wa ambulensi ya wilaya, yeye ndiye aliyekaa nyuma na mgonjwa. Tulibeba wachimba makaa ya mawe waliobanwa kifua, wasichana walioshikwa na uchungu huko juu milimani, na mpwa wangu mwenyewe, ambaye sitamzungumzia hapa. Oleta alikuwa mkali. Ukimsogelea mgonjwa na wasiwasi usoni alikufukuza. "Virgil, kama unataka kulia nenda kalie mbele, unatuharibia hewa." Hospitali yetu ilipofungwa, nasi tukajua ambulensi itafuata, aliamua kusomea unesi.

Chuo cha karibu kilikuwa mbali, tena kilifundisha mchana, saa za zamu yetu. Akajiandikisha katika chuo kinachofundisha kwa masafa, kilichowekwa kwa ajili ya watu kama yeye: wanaoijua kazi tayari na wasioweza kuiacha. Alisoma kituoni tukisubiri simu, kitabu magotini, soksi zake zikikauka kwenye hita. Mwishoni aliitwa kwenye hospitali ya mji mwingine, akahudumia wagonjwa wikendi nzima na mtahini amesimama nyuma yake. Ukisahau kunawa mikono mara moja tu, unarudi kwenu. Watu wazima walitoka mle wakilia. Oleta alifaulu. Kisha akafanya mtihani wa taifa, ule ule wanaofanya waliokaa darasani, akafaulu na huo.

Baraza la wauguzi la jimbo letu likamjibu kwamba hakufanya mafunzo ya wodini chini ya mwalimu. Miaka yote aliyokaa nyuma ya ambulensi, gari linarukaruka na mtu anamfia mikononi, haikuhesabiwa. Mhudumu wa ambulensi aliyesoma kwa masafa hana nafasi kwao, basi. Jimbo la ng'ambo lilimpa leseni bila maneno mengi. Ambulensi yetu ilipokufa kweli, akaanza kuvuka daraja kila siku kwenda kwenye makao ya wazee, mwendo wa zaidi ya saa nzima.

Nilikuwa nikimtania. Nilimuuliza siku nikitaka kuzimia nizimie wapi. "Zimia ng'ambo," akasema. "Huku nitakufunika blanketi tu, halafu nimtafute mwenye ruhusa."

Sasa, kwetu nesi hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka avishwe kifuani pini yake ya unesi mbele ya watu. Chuo cha masafa hakina ukumbi wala mahafali ya kuvishana pini. Verna Kilgore, mke wa mchungaji wetu, alisema hilo haliwezekani. Akina mama wa kanisa wakachangishana, wakanunua pini, wakapika kuku na matonge ya unga, maharagwe, mkate wa mahindi na pudini ya ndizi. Mama yake Oleta, Bi Icie, ndiye aliyepewa heshima ya kumvisha. Pini ikamteleza, akamchoma. "Tulia mwanangu," akasema, "na wewe utawachoma wengi." Tulicheka hadi machozi, na Oleta alicheka kuliko sisi sote.

Tangu hapo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi baada ya ibada, alikaa kwenye chumba cha chini ya kanisa akiwapima watu presha, kwa mashine ya dukani ambayo hata mimi naweza kuinunua. Hakutoa dawa. Alimwambia mtu apunguze chumvi au aende kwa daktari, na asipoenda alimfuata nyumbani akamgombeza. Na Verna, kwenye karatasi ya matangazo, kila mara aliandika hivi: "Nesi wetu, Dada Oleta, atawapima presha." Tulikuwa tukijivuna naye, na kila aliyeisoma karatasi hiyo aliona jina hilo ni haki yake.

Miaka ikapita, na Bi Icie akaanza kusahau. Kwanza majina, halafu sufuria jikoni. Mara moja nilimkuta barabarani amevaa gauni la kulalia, anakwenda kumpokea mumewe anayetoka mgodini, na mumewe tulikwisha kumzika zamani. Mke wangu alimwangalia mchana, majirani wakasaidiana, lakini Oleta akiwa ng'ambo roho ilikuwa juu juu. Yalikuwa yamemfika shingoni. Alinieleza wazi kwamba anataka jambo moja tu: mama yake amalizie siku zake nyumbani kwake, kwenye kitanda chake.

Na njia ikaonekana. Zahanati ilifunguliwa hapa hapa Sardis, kwenye jengo la benki ya zamani, hatua chache tu kutoka kwa Bi Icie. Daktari wa zahanati alimtaka Oleta, akasema atamwekea nafasi hadi majira ya kupukutika majani. Isitoshe, jimbo letu lilikuwa limelegeza kamba kidogo: waliosoma kwa masafa wakafanya kazi kwingine miaka kadhaa bila doa, wangeweza kuomba upya. Akaomba. Wakampiga kalenda, mara wanataka hiki, mara kile hakijafika. Akajikaza. Hatimaye wakamwita makao makuu ya jimbo, wakasema ajibu maswali machache, kisha apewe uamuzi.

Nilimwendesha mimi. Verna alikaa kiti cha nyuma na keki magotini, kwa ajili ya safari ya kurudi, ya kusherehekea.

Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu. Walimsifu kwa kazi yake ya ng'ambo, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo mwanasheria wao, mwanamke mpole mwenye miwani, akamuuliza kama amewahi kujitambulisha kuwa nesi ndani ya jimbo hili. Kisheria huku neno hilo lina wenyewe. Asiye na leseni ya hapa akilitumia ni kosa. Oleta akajibu kwamba hajawahi. Mwanamke yule akamsogezea karatasi. Kanisa letu lilikuwa likiweka matangazo yake kwenye mtandao, ili wagonjwa walio nyumbani wayasome, na mtu wa baraza alikuwa amelitafuta huko jina la Oleta akayaona yote.

"Huyu nesi wenu, Dada Oleta, ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulimwambia aliyeandika aache?"

Oleta alijua Verna amekaa nyuma yake. Angeweza kusema hakuwa akisoma matangazo, nusu ya kanisa hawayasomi. Hata yule mwanamke, nadhani, alikuwa anamngojea aseme hivyo.

"Sikumwambia," akasema. "Nilifurahi kuitwa hivyo."

Verna akasimama, akasema ni yeye aliyeandika, kama ni kosa wamfunge yeye. Wakamwomba akae. Alikaa. Sikuwa nimepata kumwona mke wa mchungaji na hasira kama ile, na sipendi kuiona tena.

Walimkatalia. Walisema anaweza kuomba tena baada ya miaka mitatu, na wakasema kwa sauti ya watu wanaofanya hisani. Bi Icie hakuwa na miaka mitatu ya kuwangoja. Keki tulirudi nayo nzima.

Zahanati ilimchukua msichana wa ng'ambo, mwaka wake wa kwanza kazini, aliyesoma darasani na mwenye leseni inayokubaliwa pande zote mbili. Basi kila asubuhi yeye anavuka kuja kwetu na Oleta anavuka kwenda kwao, wanapungiana mikono darajani. Ni msichana mzuri, sina ubaya naye. Wenye akili zao jimboni ndio ninaowaombea wazeeke huku milimani, waugue usiku wa theluji.

Mashine ya presha iko kabatini kanisani. Verna hataki kuigusa, na hakuna anayethubutu kumwambia Oleta aishike. Karatasi ya matangazo sasa ina nyimbo na ratiba ya chakula tu.

Masika yalipofika, Bi Icie aliwasha jiko akaliacha, pazia likashika moto. Mke wangu aliwahi. Jioni ile Oleta aliingia kwangu, akakaa bila kuvua koti. "Virgil, nitampeleka kule kwangu kazini," akasema. "Huku mimi si nesi wake. Kule ninaruhusiwa." Nilimbeba Bi Icie mimi mwenyewe hadi garini. Darajani aliniuliza tutarudi saa ngapi, nikamwambia jioni, nikamdanganya mama wa watu.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Oleta alikuwa akimpaka mafuta miguuni, pini yake kifuani. Bi Icie hakunitambua mimi wala yeye, lakini alikuwa mchangamfu, akanivuta mkono niiname.

"Nesi huyu ana mikono mizuri," akaniambia. "Mimi pia nina binti, anasomea kazi hii hii. Wakishamruhusu tu, atakuja anichukue nyumbani."

Niliangalia dirishani, kwa sababu sikuweza kumwangalia Oleta. Yeye aliendelea kumpaka mafuta.

"Atakuja, Bi Icie," akasema. "Hebu nipe mguu wa pili."