Gato Yupi Alikufa?

Nimechoka kuambiwa, "Bibi, andika ile ya Akaliza." Vidole hivi vimezoea jembe, si kalamu. Haya, shikeni.

Akaliza, muuza viazi wa pale mpakani, Petite Barrière, ana mapacha wa kike. Kwetu pacha wa kwanza ni Gakuru, wa pili ni Gato, basi. Gato alizaliwa na tundu moyoni, na mwaka huu wa 1998 masista wakampeleka Hispania kupasuliwa. Sista Pilar, kabla hajahama, alimwachia mama daftari la Kihispania ajifunze. Akaliza analibeba hata sokoni, anabishana nalo: "Meza ni mwanamuke? Aliolewa na nani?" Hatulii. Viazi anavipanga, anavipangua.

Mchana mmoja barua ya masista ikafika kutoka Hispania. Akaliza akampa jirani Kimenyi, karani anayejua Kifaransa.

"El gato murió," Kimenyi akasoma. "Mama Gakuru… murió ni kama mourir. Gato amekufa."

Wanawake wakapiga yowe. Viti vya msiba vikatolewa uani. Akaliza akawa anazunguka tu, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti ulie, mwanangu," akasema mama mkwe wake, Nyirahabimana.

"Sikai! Kimenyi, umesema el?"

"El."

"El ni ya mwanaume! Gato yangu ni mutoto mwanamuke, ni la. Huyo mwanaume ni nani?"

"Bon, Mama Gakuru, ni uchungu unakusemesha…"

"Endelea!"

"La niña lloraba. Ahora come."

Akaliza akafungua daftari, kidole kikikimbia. Niña: mtoto wa kike. Lloraba: alikuwa akilia. Come: anakula, sasa hivi. Maiti hali! Akapekua hadi ukurasa wa wanyama, akaangukia kiti cha msiba, anacheka na machozi yanamtoka. Gato: paka.

"Paka ya masista ndiyo ilikufa! We Kimenyi, na Kifaransa yako, ulitaka kunizikia mutoto!"

"Yaani mi nimelilia paka?" akafoka Nyirahabimana. "Na umri huu?"

Jibu alianza kuliandika papo hapo. Lakini Sista aliishia kwa jana na leo. Maneno ya kesho hayamo daftarini, na Akaliza anazunguka tena ua ule ule. Basi wewe mjukuu uliyenisumbua, unayejua Kihispania, kaa chini uandike "utarudi lini" uniletee. Na mbele ya Gato uweke la.