Picha ya Mshindi wa Insha

Shuleni walimwita Mwalimu Kamera. Aliajiriwa kufundisha hesabu, lakini tangu akabidhiwe ukurasa wa shule mtandaoni, simu haikumbanduka mkononi. Mwalimu mkuu alipenda kujigamba mbele ya wazazi kwamba kizuri chajiuza. Mwalimu Kamera alikuwa akicheka kimoyomoyo: chajiuza wapi, nami ndiye ninayekitembeza kutwa?

Asubuhi moja alibandika picha ya binti wa darasa la tano aliyeshinda insha. Binti alikuwa amekumbatia zawadi yake, na ukutani nyuma yake jina la shule lilisomeka waziwazi. Pongezi zikamiminika. Katikati ya pongezi hizo mtu akaandika: "Kumbe uko hapo, mwanangu. Baba anakuja."

Hadi mchana watu walikuwa wameguswa, wamemwekea mioyo. Mwalimu Kamera naye alikuwa ananyoosha kidole aweke wake, simu ikaita. Ni mama wa binti, fundi cherehani, mwanamke ambaye hata kwenye kikao cha wazazi sauti yake ilikuwa ya kutegea sikio.

"Mwalimu, itoe! Itoe hiyo picha!"

"Mama, tulia kwanza. Kuna nini?"

"Huyo anayesema anakuja ndiye niliyemkimbia. Aliapa akitupata atatumaliza wote wawili. Mwanangu yuko wapi?"

Mwalimu Kamera aliifuta picha, akakimbilia ofisini kwa mkuu. Hajamaliza kueleza, mlinzi akapiga simu: kuna baba getini anamtaka binti yake, na picha anayo kwenye simu yake.

Maji yalikwisha kumwagika.

"Lakini ni mzazi," mkuu alisema. "Tukimzuia, atatutangaza mji mzima."

"Na atutangaze, Mkuu! Akitoka na mtoto hapa, tutamwambia nini mama yake?"

Mkuu aliinuka. Kisha akavaa koti. "Mpigie polisi. Mimi nitamshika kwa maneno."

Mwalimu Kamera alizungumza na polisi huku akikimbia. Alimtoa binti darasani, akampitisha nyuma ya jiko mpaka stoo ya unga, akaegemeza mgongo mlangoni. Kutoka getini ilisikika sauti ya mwanamume ikipanda, na ya mkuu ikibembeleza: karibu kiti, baba, karibu chai, kitabu cha wageni hiki hapa. Kisha geti likapigwa teke.

"Ni baba?" binti alinong'ona.

"Ndiye."

"Mama alinikataza kupigwa picha. Nilikwambia, mwalimu. Ukasema moja tu."

Mwalimu Kamera alimvuta binti kifuani, akausikia moyo wa mtoto ukidunda kama wa ndege aliyenaswa.

Polisi walimkuta yule mtu amemkaba mkuu shati. Walipomtia pingu, alikuwa bado anapiga kelele kwamba mtoto ni wake.

Wiki ileile mama na binti walihama. Mwalimu Kamera alitaka kuuacha ukurasa. Mkuu akakataa, ila akakubali kwamba kuanzia hapo hakuna sura ya mtoto itakayopanda bila mzazi kuulizwa, na mtoto mwenyewe kuulizwa pia. Wafuasi wakapungua. Na wapungue.

Kila alipompigia yule mama, simu haikupokelewa. Baada ya mitihani ukaingia ujumbe: "Tumefika salama. Usiniulize wapi."

Alianza kuandika jibu, akalifuta. Hakuuliza.